Kichwa cha Samaki Mbele ya Mama Mkwe

Nimeambiwa tena niieleze habari ya Frankline, kana kwamba sina maharagwe ya kuchambua. Haya. Ilikuwa asubuhi ya Februari tarehe kumi na sita, kwenye benchi langu la kahawa karibu na soko la samaki, Homa Bay. Frankline, fundi wa vitanda, alikuwa ameketi katikati, nywele zimejaa vumbi la mbao. Kushoto kwake Wesley, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi wa kesi ya ng'ombe. Kulia Elijah, yaani Daktari, muuza dawa za kuku. Siku mbili kabla, ile sikukuu ya wapendanao, Frankline alikuwa amempeleka mkewe Valary hoteli ya kando ya ziwa kula chakula cha jioni. Miaka sita ya ndoa, mara ya kwanza.

— Dana, nyanya yetu, niongezee kahawa, alisema Frankline. Hii haitoshi.

— Kunywa ukieleza.

— Nimeshika kichwa cha samaki hivi, nafyonza jicho. Kuinua uso, nani yuko meza ya pili? Mama Valary!

— Mama mkwe wako? Wakili aliruka, kahawa ikamwagikia goti.

— Yeye mwenyewe! Na gauni nyekundu. Anatafuna!

— Alikuona ukifyonza?

— Tuliangaliana, chakula iko mdomoni, sisi wote wawili.

Huku kwetu Waluo mkwe na mama mkwe hawaonani wakila. Husalimiana kwa mbali, macho chini. Mume wangu alikufa bila kujua mama yangu alikuwa na meno mangapi.

— Yawa, jamani! Ukafanya nini?

— Nikaingia chini ya meza. Nikatambaa mpaka jikoni, nikatokea mlango wa nyuma, ule wa kuingizia kuni.

Daktari akaweka kikombe chini.

— Ndugu yangu, kuku akishtuka hivyo hatagi miezi mitatu. Wewe mwaka huu usingoje mtoto.

— Mambo ya kuku peleka kwa kuku, alisema Wakili. Hapa kuna kesi. Hoteli ilifaa kuweka pazia. Tunashtaki hoteli, tunashtaki na aliyekaanga huyo samaki.

— Aliyekaanga amekosa nini?

— Kichwa ilikuwa kubwa sana. Ilionekana mbali.

— Mimi naogopa meno, alisema Daktari. Yatang'oka moja moja kuanzia mbele. Na nyumba ibomolewe kuondoa mkosi, mlango ugeuzwe.

— Nyumba yangu ya mabati mpya?

— Na kitanda kichomwe.

— Si ndiyo maana nimelala karakana siku mbili, simu nimezima! Nitalala aje kitanda moja na Valary, na nimekula mbele ya mamake?

Kando ya jiko alikuwa amesimama Robi, mama Mkuria aliyeleta mahindi kutoka Migori. Hakumjua yeyote pale. Akapuliza kahawa yake.

— Samahani, baba. Mkeo alirudi nyumbani na nani?

— Mimi nilitokea jikoni, alisema Frankline.

— Ulimwacha pale mezani? aliuliza Robi.

— Siku mbili, nikasema mimi. Siku mbili hujui mke wako yuko wapi, na unalilia mabati?

Hapo ndipo uso ulipombadilika Frankline. Akawasha simu, akampigia Valary. Ikalia mara moja, ikapokelewa.

— Halo, ikasema sauti ya mwanamke mzima. Huyu ni mama Valary.

Simu ikamponyoka, ikatumbukia kwenye sufuria yangu. Kahawa ya siku hiyo ikaishia hapo.

Valary alikuwa kwao Kendu Bay. Mama yake, aliyekuja hotelini na wanawake wenzake wa chama cha kuweka akiba, ndiye aliyehamia meza ya bintiye, akamalizia kile kichwa cha samaki, akalipa, akaondoka naye. Wazee walipotaja mbuzi wa kuosha aibu, mama alikataa mbuzi. Alitaka hoteli ile ile na meza ile ile.

Jumamosi Frankline akawalipia mama na binti samaki wawili wakubwa, na vichwa vyao. Yeye alikaa nyuma, kwenye mlango wa kuni, uso ukutani, akila ugali mkavu mpaka Valary alipotoka akipangusa mdomo na kumwambia ainuke, waende nyumbani. Na sufuria yangu alilipa.