Maji Yasifungwe Mvua Ikinyesha

Waislamu na majirani zetu wa Mpendae, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutuliwaza, familia inakusomeeni maisha ya dada yetu, Bi Kidawa Jecha Pandu, kabla hatujamtoa nyumbani, nasi tutasoma kwa haraka, kwani wingu lile la kusini linatutia hofu, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa Mlandege tarehe 14 Machi 1968, akasoma skuli hapa hapa mjini, akahitimu masomo ya kilimo Kizimbani mwaka 1990, akaajiriwa kuwa bibi shamba hadi alipostaafu mwaka 2023. Tarehe 6 Juni 1992 aliolewa na Bwana Talib Mansour, wakajaaliwa mtoto mmoja, Tahiya.

Mwaka 2011 mke na mume walipanda michungwa Unguja Ukuu, wakaimwagilia kwa mipira ya matone, kwa maji ya kisima chenye chumvi kidogo. Matone hulowesha duara kuzunguka shina, na chumvi husukumwa ikajikusanya ukingoni mwa duara hilo, mbali na mizizi. Vuli ya 2014 ilipoanza, marehemu alifunga maji, kama ambavyo yeyote kati yetu angefunga, na ile mvua haba ikairudisha chumvi yote kwenye mizizi, majani yakaungua, nusu ya shamba ikafa. Tangu hapo alikuwa mwoga wa wingu. Wenziwe wakifurahia mvua, yeye moyo ulimwenda mbio, akakimbilia shamba kufungua maji, yatone mpaka ardhi ishibe mvua, nasi tukimtania kwamba anaimwagilia mvua. Leo hatucheki.

Alianza kuugua moyo mwezi wa Februari, akalazwa mara mbili, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025. Neno lake la mwisho kwa mwanawe lilikuwa, "Tahiya, mvua ikija msifunge maji, mwanangu, nnaogopa."

Basi msipomwona Tahiya huko ndani kwa wanawake, tafadhalini msimseme. Amemkosha mama yake, amemuaga, na wingu lilipotanda akaondoka peke yake kwenda kufungua maji, kwa kuwa sisi wanaume tunakwenda kuzika. Simu yake haipatikani, hatujui kama amefika, na mvua imeshaanza kugonga turubai hili, mnamwona Bwana Talib anavyotazama juu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliokuja tangu jana, na anayemwombea marehemu maghufira, tunamsihi amwombee na Tahiya aliyeko njiani.

Dada yetu, Mwenyezi Mungu akulaze pema, pumzika kwa amani, wala usiogope tena, hofu yako anayo mwanao.