Sabuni Ndani ya Mafuta ya Kamyo

Ndugu zangu wa chama, mumenipa nafasi niseme, na mimi nasimama macho iko chini. Munivumilie.

Wakati wa vita ya Wazungu, mazuti ya kutembeza magari makubwa yalikosekana hapa Kasongo. Kampuni niliyotumikia ikaanza kupika mafuta ya kamyo kwa mawese, pombe kali na soda ya unga, ile inayounguza mikono. Kuyasafisha ilikuwa kazi yangu. Niliyaacha yatulie, nikaondoa uchafu mweusi ulioshuka chini, nikachuja kwa kitambaa. Yakingʼaa, nilifikiri yametakata. Hakuna mutu aliyenifundisha zaidi.

Siku moja kamyo ikazimika katika njia ya Kabambare, imebeba wagonjwa. Wakabebwa kwa machela mpaka huku. Muzungu wa kampuni akasema nimeua mashini yake. Nikavuliwa nguo, nikalazwa chini, nikapigwa fimbo mbele ya watu.

Ndugu zangu, nawaambia, mgongo unapona. Lakini mama mukwe wangu alikuwa pale, amekuja kutusalimia. Aliniona uchi.

Nikaacha kwenda musikitini. Nikapita nyuma ya nyumba za watu. Muke wangu akiniletea chakula, nageukia ukuta.

Ndipo shemeji yangu, dereva wa ile kamyo, akaja na chupa ya mafuta yale. “Shemeji, angalia chini.”

Kulikuwa utelezi mweupe. Nikausugua kwa vidole. “Hii iko sabuni!” Soda na mawese vilikuwa vimeizaa, ikajificha ndani ya mafuta, kitambaa kikaiachia ipite, ikaenda kuziba mashini.

Nikatia maji ili niioshe itoke, nikakoroga kwa nguvu. Yote yakawa povu kama maziwa. Nikakaa chini, nikalia.

Nilipoinua kichwa, mama mukwe alisimama mlangoni na mutungi wa maji ya moto. Nikafunika uso.

“Mukwe wangu,” akasema, “siku ile vumbi liliniingia machoni. Sikuona kitu. Shika maji.”

Nikashika. Safari hii nilinyunyiza polepole juu ya mafuta mengine, bila kukoroga. Maji yakashuka meupe, nikayatoa, nikanyunyiza mengine, mpaka yakatoka kama yalivyoingia. Kisha nikayapasha mafuta moto, unyevu ukaisha. Tukasafisha hivyo mafuta ya kutosha kamyo, shemeji akaenda nayo Kabambare, akarudi bila kuzimika. Muzungu akanirudisha kazini, pole hakusema.

Aibu haijaisha, sitawadanganya. Hata leo nasema haya, jasho linanitoka. Lakini asante, muke wangu. Asante, shemeji. Na wewe mama, unayekaa kule nyuma na wanawake, Mungu akulipe, maana mimi sitaweza.

Mutu akiaibishwa, ndugu zangu, musimungoje atoke nje. Mumufuate ndani.