Atuganile Mfinyanzi na Vyura wa Bonde la Ukungu

Waliokuwapo Atuganile alipokata roho ni mumewe mzee Eliud, mwanawe Lazaro, mkwewe Felista akiwa na mtoto mgongoni, jirani yao mama Damari, na dresa Andrea, mtibabu wa zahanati, aliyekuja kwa miguu kutoka Matema bila kungoja kuitwa mara ya pili, na wote wanashuhudia kwamba aliondoka akitabasamu.

Marehemu Atuganile alizaliwa Ngana mwaka 1908, akasoma shule ya misheni hadi darasa la pili, na tarehe 6 Agosti 1927 akaolewa Lyulilo, ambako mama mkwe wake alimfundisha ufinyanzi kwa upole, akimpa udongo mwingine kila chungu kilipopasuka, pasipo kumsimanga. Mungu aliwajalia watoto wanne, wawili wakatangulia.

Mwaka 1951 marehemu aliona kwamba yale majani mororo kama manyoya, yaotayo juu ya mawe katika msitu wa ukungu mlimani, hutunza unyevu wa vyungu vibichi visipasuke, vizuri kuliko majani ya migomba waliyozoea kuvifunikia, akawaonyesha wenzake, na kwa misimu miwili wakayabandua katika bonde zima la msitu ule. Humo ndimo alimoishi yule chura mdogo kama ukucha, mwenye tumbo la rangi ya ndizi mbivu, asiyetaga mayai bali huzaa watoto walio vyura tayari, na masika ya 1953 bonde likanyamaza, asisikike chura hata mmoja.

Marehemu alipita kwa kila mfinyanzi akiomba warudie majani ya migomba, na mama Damari akamtania, "Mke wa Eliud, sasa umekuwa mama wa vyura?", lakini kesho yake yeye ndiye aliyetangulia kumletea mzigo wa majani kutoka shambani kwake, na marehemu akamshukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo, dada."

Januari 1956 aliugua kifua, na kila mvua iliponyesha aliuliza kama vyura wamesikika, maana aliogopa kufa akiwa amemaliza kiumbe cha Mungu. Tarehe 11 Aprili Lazaro alipanda mlimani, akashuka ameloa chapachapa, akasema, "Mama, wanalia bonde zima!" Marehemu akashusha pumzi, akaomba uji, akamaliza bakuli, na alfajiri ya tarehe 13 akatutoka, nasi tunalia, ila mioyo imetua.

Tunamshukuru dresa Andrea, majirani waliotuchotea maji, na wafinyanzi waliomfulia nguo tangu alipolala kitandani. Lala kwa utulivu, mama, bonde lako linasikika.

Jana mama Damari aliufinyanga udongo alioacha marehemu, akakifunika chungu kibichi kwa majani ya migomba.