Viatu Alivyopimiwa Elkana Peke Yake

Tumekusanyika kumsindikiza Elkana Mutethia, mume wa Lorraine, baba wa Kendi na Muthomi, na kaka yangu wa pekee. Mimi ni Jeff, mdogo wake. Lorraine amenisihi niandike wasifu huu bila uchungu. Nimejitahidi, na palipobaki uchungu mnisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1964 huko Timau, wilayani Meru, akiwa kifungua mimba wa Mzee Naftali na Mama Rael. Mimi nilifuata mwaka uliofuata. Mama alipokwenda sokoni kununua viatu alimchukua Elkana tu, maana mguu wake ndio uliokuwa mguu wangu. Pea ilikuwa moja. Elkana aliivaa ibada ya kwanza, akarudi mbio, akaivua mlangoni nilipokuwa nikimngoja, nami nikaenda nayo ibada ya pili ikiwa bado na joto lake. Kila mara Mama alinunua namba moja zaidi ili tukue humo ndani, na nafasi iliyobaki akaijaza kwa soksi. Wengine wangeuita huo umaskini. Mimi niliuita undugu, na nilidhani naye aliuita hivyo.

Kutoka uani kwetu, asubuhi isiyo na mawingu, kilele cha Mlima Kenya kilionekana cheupe. Siku moja tulipokuwa tukichota maji, Elkana aliweka ndoo chini akanipa mkono.

"Jeff, ile theluji tutaikanyaga pamoja. Hakuna kutangulia."

Nami nikasema hakuna kutangulia. Tuliapa kwa jina la Mama, na nyumbani kwetu huo haukuwa mchezo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Timau, kisha sekondari mjini Meru, na mwaka 1984 akajiunga na mafunzo ya uuguzi huko Chogoria. Alifuzu mwaka 1987. Novemba 1992 alikuja London, akaajiriwa uuguzi katika hospitali moja ya magharibi mwa jiji, na hakuhamia kwingine hadi alipougua. Wagonjwa walimpenda. Alikuwa na mikono mipole na mzaha usioisha, na hata mimi niliyemkasirikia siwezi kumnyima sifa hiyo.

Tarehe 8 Aprili 1995 alifunga ndoa na Lorraine hapa Hounslow. Mwaka uliofuata alizaliwa Kendi, na mwaka huo huo mimi nikafika, nikapanga chumba Stratford, upande wa pili wa jiji, na kuanza kuendesha basi. Theluji yangu ya kwanza ilipoanguka nilimpigia simu nikipiga kelele kama mtoto. Alicheka sana. "Hiyo haihesabiki, Jeff. Hiyo ni uji. Yetu ni ya mlimani. Ngoja tu." Nikangoja.

Februari 2003 aliniaga kwamba anakwenda Leeds kwenye kongamano la wanaume wa kanisa. Jumamosi hiyo nilipita Hounslow kuwasalimu watoto, nikamuuliza Kendi kama baba yake amepiga simu. Yule mtoto, anayesikia Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, akaniambia, "He's not in Leeds, Uncle. Dad's skiing in France. Last year too. He's got his own boots and everything." Lorraine akageukia sufuria yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba kaka yangu alikuwa katika milima ya Ufaransa, akiteleza juu ya theluji kwa viatu vyake mwenyewe, bila mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alirudi midomo ikiwa imebabuka kwa jua la mlimani, akanisimulia mahubiri ya Leeds kwa kirefu, nami nikaitikia amina. Sikumuuliza kitu. Tangu siku hiyo tulikutana kwenye harusi na misiba, tukaongea juu ya mpira na hali ya hewa, na watu wakasema tazama ndugu wanavyopendana.

Septemba 2008 madaktari walimgundua kuwa ana saratani ya kongosho. Nilikwenda kumwona kila nilipotoka zamu. Mchana mmoja wa Novemba Lorraine alituacha wawili, na mdomo wangu ukashindwa kuvumilia.

"Elkana, theluji ya Ufaransa ilikuwaje?"

"Nani alikwambia?"

"Mtoto wako. Zamani."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ndiye ulinyamaza kwanza."

Basi akanieleza. Januari 2002 wenzake wa wodini walimwalika wakateleze pamoja kwenye theluji ya huko, akaenda dukani kutafuta viatu vya kuvaa kwenye zile mbao za kutelezea. Aliingia na soksi mbili za sufu kila mguu, nzito, akaomba namba moja zaidi, kama Mama alivyotufunza. Mpimaji aliitwa Kanti, mzaliwa wa Nanyuki, na aliposikia lafudhi ya nyumbani aliacha Kiingereza.

"Bwana, wewe iko na miaka ngapi? Thelathini na saba? Basi mguu ishamaliza kukua. Toa hiyo soksi yote."

Kanti alimvalisha soksi moja nyepesi. Akamsimamisha wima, vidole vikagusa mbele. Akamwambia akunje magoti, vidole vikarudi nyuma na kisigino kikatulia mahali pake. Bitana ya ndani ikapashwa moto, ikachukua umbo la mguu wake, naye akaambiwa atembee dukani mpaka azoee. Akiwa anatembea, akaagiza pea nyingine ya ndugu yake, akisema sisi ni namba moja.

"Hapana," Kanti akakataa. "Mguu ya mtu hapimi na mguu ya mtu ingine. Lete yeye mwenyewe."

"Na kwa nini hukunileta?" nikamuuliza Elkana.

Machozi yalimtoka, yeye aliyezoea kuwafuta wengine. "Jeff, nisikize. Hakuna mtu alikuwa mlangoni ananingoja nivue. Maisha yangu yote, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Nikasema wacha hii iwe yangu."

Nilimwambia nimemwelewa. Sikumwelewa. Kumbe miaka ile yote nilipokuwa nikimngoja mlangoni kwa furaha, yeye alikuwa akivua kwa kinyongo. Theluji ningemsamehe. Ila kunichukulia utoto wangu na kunionyesha kwamba haukuwa kama nilivyoukumbuka, hilo liliniuma na linaniuma leo.

Elkana alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 22 Januari 2009, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lorraine. Mimi nilikuwa barabarani na basi. Aliagiza azikwe hapa, karibu na watoto, si Timau chini ya mlima wetu. Na hilo pia niliambiwa baadaye.

Baada ya siku chache Lorraine alinipa vile viatu. "Chukua, shemeji. Nyinyi ni namba moja." Niliketi kwenye ngazi zake, nikavaa soksi moja nyepesi, nikatia mguu. Vilinibana ubavuni na kupwaya kisiginoni. Kwa mara ya kwanza kiatu cha kaka yangu kilinikataa. Nililia hapo hapo, kwanza kwa hasira, halafu kwa msiba.

Marehemu ameacha mjane, Lorraine. Watoto wawili, Kendi na Muthomi. Mama yetu, Rael, aliyeko Timau. Na mdogo mmoja.

Mazishi haya yalipangwa Jumanne. Jumatatu theluji ilisimamisha mabasi ya London nzima, langu likiwemo, na ndiyo maana tumekuja leo Ijumaa, na makaburi bado ni meupe. Elkana, nakujua. Ungesema tazama, tumeikanyaga pamoja, yaishe. Hapana, kaka. Hii ni uji. Hii haihesabiki. Umetangulia mara ya pili.

Pumzika kwa amani. Ila huko ulikofika, nikija, usivue viatu. Nitakuja na vyangu.