Mbwa wa Agness Mezani kwa Daktari

Kijiwe cha Naseeb kipo mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu: ubao mmoja juu ya mawe mawili, na birika la kahawa. Ng'ambo ya barabara ni duka la dawa za mifugo la Daktari Ezron, aliyekuwa mtu wa serikali mpaka watu binafsi waliporuhusiwa kutibu mifugo. Siku hizi ana duka lake, na nyuma ya duka chumba chenye meza ya kupasulia. Asubuhi hiyo ya ukungu Mzee Ambwene alikaa mwisho wa ubao, macho kwenye mlango wa chumba kile. Ndani alikuwamo Watasema, mbwa jike wa marehemu mkewe, Agness, akisubiri kukatwa uvimbe wa tumbo. Agness alizikwa miezi saba iliyopita. Katika vyote alivyoviacha, kilichokuwa kinapumua ni yule mbwa tu.

— Ameshachomwa sindano? — aliuliza fundi viatu, ambaye mji mzima ulimwita Redio kwa kuwa hazimwi.

— Bado, — alijibu Naseeb akimimina kahawa. — Anapimwa uzito kwanza. Dawa ya usingizi inakwenda kwa kilo.

— Kwa kilo! Mbwa ni mchele?

— Usicheke, — alisema Profesa, karani mstaafu wa ushirika. — Ikizidi, haamki. Tena hizi dawa za soko huria, nani anajua zinatoka wapi? Zamani dawa ilikuwa moja, ya serikali.

— Zamani dawa ilikuwa haipo, Profesa, — alidakia Redio. — Sema kweli, tupo wenyewe.

— Haya, cheka. Kuna mbwa kule Bulyaga alilazwa hivi hivi. Kuamka, hamjui mwenyewe. Kamng'ata.

— Huyo ana nafuu. Mimi namjua mmoja wa Mbeya aliamka anawika.

— Acha fiksi!

— Haki ya Mungu! Kila alfajiri, kokoriko! Mwenye nyumba akauza jogoo, kazi ikawa ya mbwa.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ambwene hakucheka.

Daktari alikuwa amemwagiza mawili. La kwanza, alete nguo yenye harufu ya nyumbani, mbwa alalie asiogope wala asishikwe na baridi. Alileta khanga ya Agness. La pili, mbwa asile chochote tangu jana jioni. Hilo lilimshinda. Saa kumi na mbili asubuhi Watasema alisimama mlangoni akamtazama, na Ambwene akawasha moto, akakoroga uji wa maziwa, akamwekea. Kwao mtu hafungi safari na tumbo tupu. Desturi hiyo aliivunja mara moja tu, siku aliyompeleka Agness hospitali kupasuliwa. Waliambiwa asile. Hakula, na hakurudi. Miezi saba Ambwene alikuwa anamwomba Mungu msamaha kwa ile njaa.

Kisha leo, Daktari alipomuuliza, yeye mzee wa kanisa alijibu, “Hajala.”

— Shikamooni, — alisema Winfrida, muuguzi wa hospitali ya Igogwe, aliyekuja kununua dawa ya kuku. — Mbona mmekaa kama mna mgonjwa?

— Tunaye, dada, — alijibu Naseeb, akimwonyesha Ambwene kwa kidevu. — Mbwa wa mzee yuko ndani, anapasuliwa.

— Pole, baba. Amekula lini mara ya mwisho?

Profesa alivua miwani akaanza kuifuta.

— Kwani kula kunahusiana nini na uvimbe? — aliuliza Redio.

— Akilazwa kwa dawa na tumbo lina chakula, chakula kinapanda. Atatapika na hajijui, kiingie kwenye mapafu. Anaweza kufa kabla kisu hakijamgusa. Ndiyo maana hata watu tunawanyima.

— Hata watu? — aliuliza Ambwene. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi.

— Hata watu, baba. Ni kuwalinda.

Ambwene alisimama. Gari la ndizi lilimpigia honi katikati ya barabara, hakugeuka. Alisukuma mlango bila hodi.

Watasema alikuwa mezani juu ya khanga, mdomo umefungwa bendeji, mguu wa mbele umenyolewa. Daktari alikuwa ameinama na sindano.

— Daktari, ngoja!

— Nimeshapata mshipa, mzee. Usiniguse mkono.

— Nimekudanganya. Amekula. Uji wa maziwa, saa kumi na mbili.

Dole gumba la Daktari lilibaki juu ya bomba la sindano. Halafu akaichomoa taratibu, akakandamiza pamba, akaufungua mdomo wa mbwa. Hakufoka. Ambwene aliona afadhali angefoka.

— Leo simgusi, — alisema Daktari. — Kesho asubuhi. Nenda naye, na kuanzia jioni asile kitu.

Watasema alimlamba kiganja. Ambwene alijua jinsi atakavyomtazama kesho, pale mlangoni.

— Daktari, naomba alale hapa, — alisema. — Mwachie khanga hiyo. Nikienda naye nyumbani, nitampikia tena.