Mtandao Umeuhama Msumari

Kijiwe chetu kina benchi moja, birika moja, na msumari mmoja wenye mtandao. Umepigiliwa kwenye nguzo ya kibanda. Ukitundika simu pale, inaita, ukiishusha, kimya. Miaka mitatu watu wa benchi wamepokea hapo habari za harusi, za misiba, na umbea mwingine mtamu usioandikika. Leo Kiraka, fundi viatu, katundika simu yake tangu asubuhi. Binti yake wa pekee yuko hospitali, mji wa mbali, anajifungua. Na simu haina hata kimstari kimoja cha mtandao. Kiraka kashashona soli mbili, ya pili kaishona juu chini.

— Mtandao ni kama maji, alisema Spana, fundi baiskeli. Unafuata bonde. Iweke chini.

— Chini iliwe na kuku? alijibu Bi Birika, muuza kahawa. Mnara umeziba, huo. Mtaa mzima unasengenya humo humo, maneno yamekwama kama nywele kwenye bomba.

— Nusu ya hizo nywele ni zako!

— Nitokee hapa, Spana.

Kiraka hakucheka. Macho yake yote yako msumarini.

Waya, fundi redio, alikuwa anautazama uzio mpya wa mabati ng'ambo ya barabara, uliosimamishwa jana.

— Ni yale mabati. Simu inakuja kwa mawimbi. Wimbi moja linakuja moja kwa moja, jingine linagonga bati kwanza. Hili likipanda, lile linashuka. Yakikutana hapo msumarini, yanauana.

Benchi likaangua kicheko.

— Mawimbi! Na samaki je?

— Yaani sauti mbili zikikutana unapata kimya? Waya, nimekutilia nini kwenye hiki kikombe?

— Kiraka, ndugu yangu, alisema Waya, isogeze kiganja kimoja tu.

— Sitoki hapa. Nilimwambia mwanangu nitakuwa msumarini.

Kicheko kikakatika. Bi Birika akaweka birika chini, akamshika mkono.

— Baba wee, mtoto hapigii msumari. Anakupigia wewe.

Kiraka akaitungua simu kama anayetoa yai kiotani. Akasogea kiganja kimoja. Hakuna. Cha pili: kimstari. Spana akabana pumzi, utadhani atakipeperusha. Ikaita.

— Baba!

Halafu kilio chembamba, kikali, kipya kabisa. Benchi zima lilikisikia. Lori likapita katikati ya kibanda na mabati, simu ikakatika.

Bi Birika akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Hapo akafika dada mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake, akaambiwa.

— Hongera, babu! Wa kike au wa kiume?

Wakatazamana. Spana akamgeukia Waya, Waya akaangalia mabati.

— Analia vizuri, alisema Kiraka, mkono wenye simu ungali hewani, machozi yakishuka bila kufutwa. Analia vizuri sana.