Sista, Kuku wa Makandi

Benchi yangu iko nyuma ya soko la Gakoromone, mkabala na duka la dawa za mifugo. Nasema yangu kwa sababu mbao nilinunua mimi na misumari nikapigilia mimi, lakini wanaoikalia tangu misa ya kwanza iishe mpaka jua lichome ni wanaume ambao kikombe kimoja cha kahawa wanakinywa kama ni dawa ya kupimiwa. Mimi ni Karwirwa, nauza kahawa. Sisi watu wa Meru tumelima kahawa tangu zamani za baba zetu, na bado mtu akishikwa na kiu anaitisha chai, kwa hivyo hawa wateja wangu wachache siwezi kuwafukuza hata wakinikera. Kuna Daktari, ambaye jina lake ni Kinoti na udaktari wake ni kuuza chanjo ya kuku hapo ng'ambo. Kuna Koome, tunamwita Mswahili kwa sababu aliwahi kuwa utingo Mombasa, akarudi na kofia moja na gunia zima la methali ambazo hajui zinaenda wapi. Halafu kuna Mbaabu, karani mstaafu, mtu wa kunyamaza. Jumapili moja Mbaabu alifika, akaweka simu yake juu ya benchi na kuikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

Daktari: Kwani hiyo simu inataka kutoroka?

Mbaabu: Makandi atapiga. Mjukuu wangu. Kila Jumapili baada ya misa anapiga kutoka Nairobi.

Koome: Si hiyo ni raha, mzee! Mbona uso ni wa matanga?

Mbaabu: Hanipigii mimi. Anampigia kuku.

Hapo nikaacha kuosha vikombe.

Mimi: Anampigia nani?

Mbaabu: Kuku wake. Binti yangu Kanana alituachia huyo mtoto akitambaa, yeye akaenda kutafuta kazi. Tumemlea mimi na mke wangu Kathambi, cucu yake. Januari akaja kumchukua aanze shule. Huko wanakaa chumba kimoja, hata mkebe wa kupanda dhania hauna pa kuwekwa. Kuku akabaki kwangu.

Koome: Kuku wa mtoto ni kuku wa nyumba, mzee.

Mimi: Koome, wewe ulizaliwa wapi? Mtoto akipewa kifaranga na cucu, huyo ni wake. Akitaga, mayai ni ya mtoto. Akiangua, vifaranga ni vya mtoto. Hata ukitembelewa na nani, hushiki kisu kabla ya kumuuliza mwenyewe, hata kama mwenyewe bado anajikojolea.

Mbaabu akainamisha kichwa niliposema hivyo.

Mbaabu: Alimwita Sista. Mwili kijivu, kichwa cheupe, na anatembea polepole kama masista wa parokia wakienda kupokea komunyo. Makandi akipiga simu ananiambia, "Guka, nipatie Sista." Naenda kwa kibanda, nainama na simu, kuku anasema kwe kwe, mtoto anafurahi, tunaagana.

Daktari: Sasa shida iko wapi?

Mbaabu: Sista hayuko.

Koome: Mwewe?

Mbaabu: Mimi.

Aki nilikaa chini. Mbaabu akaendelea huku akiongea na viatu vyake.

Mbaabu: Jumuia ilikuja kusali kwangu, na padre akaandamana nao bila kutuambia. Kathambi akanituma kwa haraka, shika kuku mmoja, maji yako motoni. Ilikuwa mchana, kuku wametawanyika kwa migomba. Nikamwaga mahindi. Wote wakanikimbia, mnajua kuku wa kienyeji. Mmoja tu ndiye alikuja, akanipandia mpaka mkononi. Alikuwa amezoea kulia kwa kiganja cha mtoto. Na mimi na ile haraka ya wageni, mkono ukafanya kazi kabla ya macho. Nilikuja kuona kichwa cheupe kikiwa chini.

Daktari akaweka kikombe chake chini.

Mbaabu: Wale kuku wakali waliokimbia wote wako. Wananiangalia tu.

Koome: Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!

Mimi: Nani amepona hapo, Koome? Hebu nionyeshe mmoja.

Daktari: Na Jumapili iliyofuata, mtoto akipiga, ukamwambia nini?

Mbaabu: Nilienda mpaka kibandani. Nikainama. Halafu nikafanya... kwee, kwe-kwe-kwe.

Alilia kama kuku kabisa! Jogoo wa mteja aliyekuwa amefungwa miguu hapo kando akainua shingo. Koome akaanza kucheka, nikamchapa na kitambaa cha kupangusia.

Mbaabu: Tangu siku hiyo mimi ndiye Sista.

Mimi: Mbaabu, mzee mzima! Si ungemwambia tu?

Mbaabu: Nikimwambia, atampigia nani? Karwirwa, wewe hujui. Kuku akiwa hai nilijaribu kuongea na huyo mtoto mimi mwenyewe. Umekula? Eeh. Umesoma? Eeh. Haya basi, kwaheri. Ni kuku ndiye anamfanya ashike simu. Shule zinafungwa wiki hii, na Kanana alimwambia achague, aende Thika kwa shangazi yake kwenye televisheni, ama aje huku. Mtoto akasema naenda kwa Sista. Mmesikia? Hakusema kwa guka. Nikisema kuku hayuko, ataenda Thika.

Daktari: Hiyo haitakushinda. Nunua mwingine wa kufanana.

Mbaabu: Nimezunguka hili soko mpaka wauzaji wananijua. Nilipata mmoja wa kijivu, akanidonoa. Makandi atamjua kwa mkono tu, hata akifunga macho.

Koome: Paka kichwa rangi ya viatu, ile nyeupe.

Daktari: Ataharibika macho! Wewe Mswahili ni muuaji.

Koome: Basi sikiliza, mzee. Masista huwa wanahamishwa, ama si hivyo? Mwambie askofu amemhamisha. Ako Gachoka.

Mbaabu: Atasema twende Gachoka tukamsalimie.

Koome: Basi Kiambere, ng'ambo ya bwawa, kuku hajui kuogelea. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

Kwenye benchi hiyo hakuna mtu aliyewahi kuona tezi wala ngama, na Omo tunayoijua sisi ni ya kufulia. Lakini Koome alitabasamu kana kwamba kesi imeisha.

Daktari: Wacha mimi niongee kisayansi. Manyoya ulitupa wapi?

Mbaabu: Nilifukia kwa sukuma wiki.

Daktari: Umeona! Manyoya yana mbolea. Mbolea imeingia kwa sukuma. Mtoto akila hiyo sukuma, Sista anaingia kwa damu yake. Hawataachana maisha yao yote. Na kuku wengine wakimuona mtoto, watamsalimia kama mwenzao.

Mimi: Daktari, umeuza chanjo mpaka umejidunga.

Nilidhani Mbaabu atacheka. Lakini neno la sukuma ndilo lililomuumiza.

Mbaabu: Mngeiona hiyo sukuma sasa. Makandi akiwa nyumbani hakuna kitu kilikuwa kinaota. Anapanda maharagwe leo, kesho asubuhi anayafukua aone kama yameamka. Kila siku anaacha mlango wa shamba wazi, kuku wanaingia, wanachakura, nagombana mpaka sauti inapotea. Nikaweka waya, akatafuta pa kupita na hao kuku wake nyuma. Sasa hakuna anayeacha mlango wazi. Sukuma ina majani mapana hivi, mboga ya managu imejaa, Kathambi anagawia majirani. Kila mtu akipita ananisifu. Na mimi asubuhi nasimama hapo kwa mlango, naufungua mwenyewe, nauacha hivyo. Hakuna anayeingia. Nimemtamani huyo mtoto, jamani. Nimemtamani mpaka nimechoka.

Daktari alivua miwani yake, akaipangusa na shati, akairudisha ikiwa chafu vilevile.

Daktari: Mimi nilikuwa na wangu pia. Mwekundu. Mkaguzi wa shule alitembelea baba, nikatumwa dukani kununua majani chai. Kurudi nikapata supu. Baba akanipatia shingo, ati ndio nisilie.

Koome: Na ulikula?

Daktari: Nilikula. Nilikuwa na njaa. Mpaka leo sili shingo.

Mimi wangu alikuwa mweusi mwenye ushungi, nilipewa na cucu wa upande wa mama kule Runyenjes. Nilienda kuchota maji, kurudi nikaambiwa ameuzwa sokoni Embu. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Siku hiyo niliwaambia hao wavivu, na Koome hakutoa methali hata moja, akashika tu kikombe chake kilichokwisha.

Wakati huo wote kulikuwa na mama mmoja amesimama karibu na mtungi wangu, mtoto mgongoni. Simjui, ila baadaye alisema anaitwa Marcella na alikuwa amekuja kutafuta chanjo, akapata duka limefungwa na mwenye duka ako hapa anahubiri. Alikuwa amesikia yote.

Marcella: Mniwie radhi, wazee. Huyo mtoto akipatiwa kuku kwa simu, huwa anamwambia nini?

Daktari akamwangalia Koome. Koome akaniangalia mimi. Sote tukamwangalia Mbaabu.

Mbaabu: Sijui.

Mimi: Hujui vipi na ni wewe unashika simu?

Mbaabu: Wakati wa Sista mwenyewe, simu ilikuwa huko chini kwa kuku. Na sasa... sasa huwa niko nalia kwe kwe. Siwezi kusikia.

Na simu ikalia. Mbaabu akashtuka, akaikamata kwa mikono miwili. Daktari, ambaye hawezi kuona kidude bila kukibonyeza, akabonyeza spika.

– Guka! Nipatie Sista.

Mbaabu akafungua mdomo. Tulijua kinachokuja. Lakini akaufunga, akaiweka simu juu ya magoti. Mtoto akadhani ni kuku ameshika.

– Sista, uko mzima? Tunafunga shule Ijumaa. Usiingie kwa sukuma ya guka, atagombana. Mimi nikipewa chapati nakuwekea kidogo kwa mkebe, kila siku, mama hajui. Guka anakupatia maji? Ukimuona anakaa peke yake kwa kiti cha nje, wewe enda ukae na yeye. Sista? Mbona hausemi?

Mbaabu: Makandi. Ni guka. Sista hayuko.

– Ameenda wapi?

Koome alivuta pumzi ya kusema Kiambere. Nilimziba mdomo kwa kiganja, kiganja chenye sabuni, na sijutii.

Mbaabu: Guka alimchinja, wageni wakamla. Sikukuuliza. Halafu nikakudanganya. Kuku umekuwa ukimsikia ni mimi.

Tukasikia magari ya Nairobi. Tukasikia sauti ya Kanana ikiuliza ni nini, halafu mtoto akilia kile kilio cha kukosa pumzi. Marcella akageuka, akaanza kumbembeleza wake mgongoni ambaye hata hakuwa ameamka. Mbaabu hakuikata simu, ingawa niliona kidole kikisogea karibu na pale pa kukatia. Alingoja mpaka kilio kikashuka kikawa kikwifukwifu.

– Sasa hii chapati nitampatia nani?

Mbaabu akainua simu kutoka magotini.

Mbaabu: Niletee mimi.

– Imekauka, guka.

Mbaabu: Niletee hivyo hivyo. Nitakula.